Joto la Mafuta

Kipimo chenyewe hakikuzidi mdomo wa kikombe cha kahawa. Kilikuwa chini ya dashibodi, kushoto mwa usukani, kimefungwa kwa skrubu mbili ambazo mwenye gari wa kwanza, mtu wa Japani nisiyemjua, alizikaza bila shaka kwa mkono wake mwenyewe, maana moja ilikaa upande. Kilikuwa na tarakimu kuanzia hamsini hadi mia na hamsini, mshale mwembamba mwekundu, na juu yake kipande cha karatasi ya gundi chenye herufi mbili za Kijapani zilizoandikwa kwa wino. Kwa msimu mmoja, katika miaka ya tisini, nilikitazama kipimo hicho kuliko nilivyomtazama mtu yeyote, na nilikitazama kutoka kiti cha nyuma.

Kiti cha nyuma kinahitaji maelezo. Katika familia niliyoolewa, mkamwana hakai bega kwa bega na baba mkwe wake. Hali naye meza moja, hamtaji jina, na akizungumza naye huyapeleka macho pembeni kidogo, kama mtu anayesoma kitu kilichobandikwa ukutani. Hakuna aliyenifundisha hayo kwa maneno. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu, nilifundisha historia shule ya sekondari, nilikuwa na maoni yangu kuhusu mambo mengi. Na bado kila gari lilipowashwa nilifungua mlango wa nyuma bila kuambiwa. Gari lilikuwa la mume wangu. Dereva alikuwa baba yake.

Mume wangu alilinunua miezi miwili kabla ya kwenda kusoma ng'ambo. Ilikuwa miaka ambayo soko lilifunguliwa, na magari yaliyokwisha kutumika Japani yalianza kuonekana mjini Mwanza moja baada ya jingine, yakiwa na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Letu lilikuwa refu, jeupe, la dizeli, na lilikuwa na tabo, yaani kile kifaa kinachoipulizia injini hewa zaidi ili ivute kwa nguvu. Mimi sikujua kuendesha. Siku ya kuondoka, mume wangu alinivuta kando akaniambia jambo moja tu kuhusu gari: "Hili ni la baba kuliko langu. Usimwache arudi kwenye kile kiti."

Nilikijua kiti alichokitaja. Baba mkwe wangu alikuwa dereva wa serikali karibu umri wake wote wa kazi, mpaka lilipokuja zoezi la kupunguza wafanyakazi, akapunguzwa. Neno lenyewe lilimchoma; alisema hupunguzwa sukari kwenye chai, siyo mtu. Baada ya hapo alikaa nyumbani kwake Igogo, kwenye kibaraza, na kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kukigeuza kiti chake kikaipa mgongo barabara. Hakutaka kuona watu wengine wakiendesha. Alikaa hivyo karibu mwaka mzima, akiutazama ukuta wake mwenyewe, na wageni waliomwamkia walimwamkia mgongoni.

Gari lilimwinua. Alihamia kwetu Butimba, akanyoa ndevu, akatoa sandukuni kaunda suti yake ya kazi na kuipiga pasi mpaka mikunjo ikasimama kama makali ya kisu. Kila Jumamosi tulikwenda kwenye shamba lake upande wa pili wa ghuba, karibu na Sengerema. Tulipita Mkuyuni, tukafika Usagara, tukateremka Kigongo, tukavuka kwa pantoni hadi Busisi. Njiani alikuwa mtu mwingine. Alilisemesha gari kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, na mimi nyuma nilijifanya sisikii.

Alikuwa na fahari moja, nayo ilikuwa kwenye fremu. Katika ile miaka ya uhaba, petroli ilipopatikana kwa kibali, aliandikiwa barua ya pongezi kwa kubana matumizi ya mafuta. Aliitundika sebuleni kwetu siku ileile aliyohamia, kabla hajatundika koti. Siri ya barua hiyo ilikuwa kuzima. Akifika kileleni mwa mteremko alizima injini, gari likashuka kwa uzito wake. Akikaribia nyumbani alizima mbali, akaliacha litelezee hadi uani kimyakimya, na gurudumu la mbele likasimama kwenye jiwe lilelile kila siku. Nilizoea kujua amefika kwa kusikia kokoto zikisagika; mlio wa injini sikuusikia kamwe. Nilipenda jambo hilo. Niliona ni usanii, na mpaka leo naona ulikuwa usanii.

Miezi ya kwanza mshale wa kipimo kile ulisimama kwenye tisini na hakuna aliyeushughulikia. Kisha ukaja msimu wa wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaoinuka majini kama moshi na kuivamia pwani nzima, na tukawa tunarudi kutoka Kigongo kioo cha mbele kimegeuka uji. Baba alikiosha kioo kila mara kwa bidii. Ni katika majuma hayo mshale ulipoanza kupanda. Mia na tano. Mia na kumi na tano. Jumamosi moja, tulipofika Kigongo, ulikuwa mia na ishirini, na kipimo cha maji, ambacho kila dereva anakijua, kilikuwa kimetulia mahali pake kama hakuna lililotokea.

"Mama," baba akaniambia, akiwa ametazama mbele. Aliniita mama tangu siku ya kwanza. "Wewe umesoma. Haya maandishi yanasemaje?"

Sikumbuki kama aliwahi kuniuliza kitu kingine kabla ya hapo. Nilijisikia kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Nilizinakili zile herufi mbili nyuma ya daftari la mahudhurio, na Jumatatu nikazipeleka kwa mwalimu wa kujitolea wa hisabati shuleni kwetu, kijana wa Kijapani aliyejifunza Kiswahili kwa kitabu na akakizungumza kwa usahihi uliotutia aibu sisi wenyeji. Aliitazama karatasi kwa muda mfupi sana.

"Hii ni mafuta," akasema, kidole juu ya herufi ya kwanza. "Na hii ni joto. Joto la mafuta."

Nikamshukuru, nikaondoka. Sikuuliza swali la pili. Nimelirudia tukio hilo mara nyingi kichwani, nikijaribu kujiona nimegeuka mlangoni na kuuliza: mafuta yapi? Mwalimu yule alisema kweli tupu. Lakini Mwanza, mtu akisimama karibu na gari akataja mafuta, anataja kile kinachonunuliwa kwenye pampu na kutiwa tangini. Gari likiishiwa mafuta hakuna atakayekuletea kitu kingine. Kile kinacholainisha injini kina jina lake, oili, na hata asiyejua kusoma hachanganyi viwili hivyo. Kamusi peke yake ndiyo inayoviita vyote mafuta, na rafiki yetu alikuwa mtoto wa kamusi.

Nilipompelekea baba jibu, nilitegemea kwamba huo ungekuwa mwisho wa habari. Badala yake macho yake yaliwaka. "Ndiyo maana!" akasema. "Dizeli haiungui yote. Inayobaki inarudi tangini kwa bomba dogo, na inarudi imeshapata moto. Hata malori yetu yalikuwa hivyo." Akainama, akaliwekea tangi kiganja. Lilikuwa la moto kweli. Lilikuwa limetoka juani. Basi hapo elimu yangu na uzoefu wake vikakosea kwa pamoja na kwa furaha, na hapakuwa na wa tatu wa kutusahihisha.

Dawa aliibuni yeye. Alichukua gunia la katani, akaliloweka, akalifunga chini ya tangi kwa vipande vya mpira wa tyubu. Nyuma tulibeba dumu la maji. Kila mshale ulipofika mia na ishirini alisimama kando ya barabara, akazima injini palepale ili mafuta yapumzike, akashuka, akalimwagia gunia maji. Pale Kigongo wauza samaki walitungoja kama watu wanaongoja mchezo.

"Mzee! Leo umelivisha nepi mpya?"

"Mwacheni, mgonjwa wake ana homa."

"Baba, mpe na panadoli!"

Baba alikunja mikono ya shati na kumwaga maji taratibu, kama afanyaye kazi ya serikali. Mimi nilibaki kiti cha nyuma, uso umepata moto kuliko tangi.

Gunia halikusaidia kitu. Mshale ulipanda vilevile, na kadiri tulivyosimama na kuzima ndivyo mambo yalivyoharibika. Asubuhi gari likiwashwa lilitoa moshi wenye rangi ya bluu hafifu, na ukipanda mlima ulisikia mluzi mwembamba kutoka mbele, kama birika inayokaribia kuchemka nyumba ya pili. Niliusikia mluzi ule hata darasani. Niliwafundisha wanafunzi habari za reli na wakoloni, na katikati ya sentensi nikasita nikisikiliza.

Lililonitisha zaidi lilikuwa baba. Aliacha kulisemesha gari. Mikono yake, ambayo kawaida ilikaa juu ya usukani kama imewekwa tu, sasa iliukamata mpaka vifundo vikapauka. Siku moja jioni, tumetoka kuteka maji ya dumu, alisimama uani akaitazama mikono hiyo. "Labda si gari," akasema. "Labda ni mkono. Labda wale waliotupunguza waliona kitu." Kesho yake niliporudi kutoka shule nilikuta kiti cha kibarazani kwetu kimegeuzwa. Kiliipa mgongo barabara.

Sikuvua hata viatu. Nilitoka vilevile nikaenda mjini, kwenye duka la vipuri ambalo mwenyewe alilirithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu, tangu Wahindi wa kwanza walipofungua biashara katika mtaa ule. Alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, amezaliwa Mwanza, akinijua kwa kazi yangu, na alizungumza Kiswahili na Kisukuma kwa wepesi uleule.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Nikupe nini?"

"Kitu cha kupoza mafuta."

"Mafuta yako wapi?"

"Tangini."

"Yana moto?"

"Mia na ishirini na tano. Juzi yalifika mia na thelathini."

Akavua miwani. "Tangini? Dizeli? Mama yangu, basi simama nje, utatuunguza sote."

Nilimtolea karatasi yenye zile herufi mbili, nikamweleza kipimo kilipo, nikamweleza Mjapani, na kwa kuwa nilikwisha kuanza, nikamweleza na gunia. Alicheka mpaka akashika rafu kwa mikono miwili. Kisha akapangusa macho na kunitazama kwa huruma iliyonichoma kuliko kicheko.

"Mafuta haya si ya kuendea, mwalimu. Ni ya kulainishia. Ni oili! Mmelivisha tangi bandeji, mgonjwa ni mwingine."

"Lakini baba mkwe wangu ni dereva wa miaka mingi. Angejua."

"Angejuaje? Magari yao yalipima presha ya oili. Joto lake nani alilipima? Haya ni mambo ya tabo." Akachukua bisibisi, akaishika katikati kwa vidole viwili, akaizungusha. "Tabo ni feni mbili kwenye ufito mmoja. Moshi unaotoka injini unaizungusha, kasi ambayo huwezi kuhesabu, na moto wake unaujua mwenyewe. Kinachoushika ufito usikwaruze ni oili tu, inayopita. Sasa wewe ukizima injini ghafla, pampu ya oili imesimama, ufito bado unazunguka, bado umewaka. Oili iliyobaki pale inakaangika. Umewahi kusahau mafuta ya maandazi jikoni? Yanabaki masizi." Akaiweka bisibisi chini. "Mzee anazima vipi?"

"Anazima kabla hajafika."

"Kabla?"

"Anateleza. Anazima mbali, gari linaingia lenyewe."

Hapo hakucheka. Aliuliza rangi ya moshi, nikamwambia. Aliuliza mluzi ulianza lini, nikamwambia. Nilimuuliza kama tabo imekufa, kwa sauti niliyowahi kuitumia hospitali.

"Imeugua. Haijafa. Lakini endeleeni hivihivi, siku moja itapiga kelele, halafu hamtaisikia tena."

Maagizo yake niliyaandika pembeni mwa karatasi ileile. Oili imwagwe yote, itiwe mpya, ya magari ya dizeli yenye tabo; ile ya kupimiwa kutoka pipani, ambayo baba aliijazia juu ya ile ya zamani bila kumwaga, iachwe kabisa. Mbele ya gari, chini, nyuma ya bampa, kuna rejeta nyingine ndogo kuliko ile ya maji, kazi yake kupoza oili. Itazamwe kama hewa inapita. Mkikaribia kufika, endesheni polepole. Mkisimama, msizime. Iacheni injini ingurume yenyewe mpaka mshale ushuke chini ya mia.

"Ingurume bure?" nikauliza. Lilikuwa swali la nyumba yenye barua kwenye fremu.

"Siyo bure, mwalimu. Ndiyo tiba yenyewe."

Nilirudi na kopo la oili nimelizungushia khanga, nikalisukuma chini ya kiti cha nyuma. Kisha nikakaa kimya siku nne.

Nataka niwe mkweli juu ya siku hizo. Nilijiambia kwamba namlinda mzee. Ningewezaje kumwambia kwamba kile alichopongezewa na serikali, kile alichokitundika kabla ya koti, ndicho kilichokuwa kikilimaliza gari la mwanawe? Mtu aliyekwisha kuanza kuushuku mkono wake angepokea habari hiyo kama hukumu, na kiti kingebaki kilivyogeuzwa. Hayo yalikuwa kweli. Lakini chini yake palikuwa na kweli nyingine ndogo na mbaya zaidi: nilijilinda mimi. Aliniuliza jambo moja kama msomi, nikampa neno bila maana yake, naye akalibebea maji majuma sita mbele ya wauza samaki.

Jumatano nilijaribu. Nilimpelekea chai kibarazani, nikasimama pembeni.

"Baba, wanasema haya magari ya tabo hayapendi kuzimwa ghafla."

"Wanasema akina nani?"

"Watu tu."

"Hao watu wana magari?" Akapuliza chai yake. Nikarudi ndani.

Ijumaa asubuhi, alipokuwa akioga, nilipiga magoti mbele ya gari na kuangaza chini ya bampa. Mahali pa ile rejeta ndogo nilipaona. Lakini sikuiona rejeta. Niliona ukuta mweusi mkavu. Wadudu wa ziwani, maelfu juu ya maelfu, walikuwa wameziba kila upenyo, wamekaushwa na moto wa oili wakawa kama matofali. Nilianza kuwachokoa kwa njiti za ufagio, na nilikuwa nimefikia nusu niliposikia kandambili nyuma yangu.

"Mama, umepoteza nini?"

"Hereni, baba."

Akainama na yeye, taulo shingoni, tukaitafuta pamoja kwenye kokoto. Baada ya muda akasimama.

"Mbona masikioni zimo zote mbili?"

"Ya zamani, baba."

Alinitazama kidogo, akaenda zake, na nilibaki nimeshika njiti, nikitamani ardhi ile ya Butimba, yenye mawe kila mahali, ipate angalau tundu la kunitosha.

Jumamosi tulipakia mabati na mbolea tukaondoka. Mpaka Mkuyuni mshale ulisimama tisini na tano, nami nikaanza kuamini kwamba njiti za ufagio zimenisamehe kusema. Usagara ukawa mia na tano. Baada ya hapo tulikutana na lori lililotoka Kigongo, na dereva wake akatuonyesha kwa mkono kwamba pantoni liko ng'ambo hii na linapakia. Baba hakuwahi kuachwa na pantoni. Alikanyaga. Mzigo ulikuwa mzito, gunia chini yetu lilikuwa limelowa kama ada, na mluzi ule ukaja, mwembamba, ukipanda kila tulipopanda. Niliinama katikati ya viti viwili vya mbele. Mia na kumi na nane. Mia na ishirini na sita. Yeye alitazama barabara. Mia na thelathini na mbili, mshale haukuwahi kufika hapo, na mbele yetu ziwa lilikuwa limefunguka na pantoni lilikuwa bado limeshusha mlango wake kwenye nchi kavu.

Ilikuwa imebaki nafasi ya gari moja. Mfanyakazi wa pantoni mwenye filimbi alitupungia kwa mikono miwili.

"Mzee, ingia! Ingia, uzime! Ukiingia tu zima!"

Hiyo ndiyo sheria ya pantoni, na ni sheria nzuri: gari likishapangwa, injini huzimwa papo hapo. Mkono wa kushoto wa baba ulikwisha kusogea kwenye ufunguo, kwa mazoea ya miaka yake yote, ili ateleze zile hatua za mwisho.

"Baba, usizime!" nikasema. "Usiingie!"

Sikuwahi kumwambia neno linaloanza hivyo. Akasimamisha gari kwenye mteremko wa mlango wa pantoni, injini ikinguruma, na kwa mara ya kwanza akageuka mzima akanitazama. Nyuma yetu pikapu ilipiga honi.

"Mzee, unaingia au unapiga picha?"

Nikamwambia yote, haraka, macho yangu kwake. Kwamba si mafuta ya tangini, ni oili. Kwamba Mjapani alisema sawa na mimi ndiye niliyesikia vibaya. Kwamba oili inaungua mle ndani tukizima ghafla, kila mara, hata nyumbani, hata pale kwenye jiwe. Kwamba jana sikuwa nimepoteza hereni yoyote.

Filimbi ililia. Honi ililia. Muuza samaki mmoja akapaza sauti, "Nepi imevuja!" na watu wakacheka. Baba alikuwa bado ameshika ufunguo. Nilijua kabisa kwamba akishuka sasa hatapanda tena.

Akauachia ufunguo. Akaingiza gia ya nyuma, akalitoa gari pembeni kwenye mchanga, akalisimamisha bila kulizima. Pikapu ikapita, dereva wake akitupungia kwa dharau, ikaichukua ile nafasi. Mlango wa pantoni ukainuka. Tukakaa tukilitazama likiondoka, injini yetu ikinguruma bila kwenda popote, jambo ambalo nadhani hakuwahi kulifanya tangu apewe leseni.

"Wiki sita," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Wiki sita nimeliogesha tangi."

"Ni mimi, baba. Nisamehe."

"Na wewe ni mwalimu."

"Ndiyo, baba."

Akautazama tena ufunguo. "Ile barua ya ukutani. Wakati ule hapakuwa na tabo."

"Hapakuwa nayo, baba. Barua ni ya haki."

Akakiinamia kipimo. Macho yake hayakuwa mazuri kwa vitu vya karibu. Niligundua wakati huo, kwa jinsi alivyoinamia kipimo na kukunja uso, kwamba huenda hakuwahi kuziona tarakimu zile sawasawa, na kwamba mia na ishirini zote alizosimamia alizikadiria kwa mlalo wa mshale.

"Njoo mbele," akasema.

"Baba?"

"Njoo mbele usome. Huko nyuma unasomea nini?"

Nilichomoa lile kopo la oili chini ya kiti, nikashuka. Nilizunguka gari, nikafungua mlango wa mbele, nikakaa kando ya baba mkwe wangu mbele ya Kigongo nzima, magoti yamebanana, kopo mapajani kwa kuwa sikujua pa kuliweka. Nikasoma. Mia na ishirini na nne. Mia na kumi na tisa. Ulishuka kwa uvivu wa kutesa. Mia na kumi.

"Mafuta yanakwisha," akanung'unika.

"Yapi, baba?"

Mabega yake yalitikisika kwanza, nilidhani analia. Kumbe kicheko kilikuwa kikimtoka kidogokidogo, kikavu, kama kitu kilichokuwa kimekwama. Hakikudumu. "Na huo moshi?" akauliza. Nikamwambia aliyosema mwenye duka: imeugua, haijafa. Nikamwambia sijui zaidi ya hapo. Kweli sikujua. Mluzi ulikuwa umetulia, lakini nilikuwa nimejifunza kutouamini utulivu.

Pantoni liliporudi tuliingia wa kwanza, mwendo wa kutembea. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango ili nirudi kiti cha nyuma. Akatikisa kichwa bila kunitazama. Tulipangwa mbele kabisa. Yule mwenye filimbi akaja kwenye dirisha.

"Haya mzee, zima."

Baba aliweka mkono kwenye ufunguo, akautuliza pale.

"Ngoja kwanza," akamwambia. "Anasoma."

Niliinamia kipimo. Watu walikuwa wakipanda na vikapu vyao, mwenye filimbi amesimama mdomo wazi, na mkono wa baba juu ya ufunguo haukutetemeka.

"Tisini na mbili, baba," nikasema.

Akazima.